Kibali cha Maite na Wavu wa Babu Yake

Nyumba ya kina Arrambide pale Bitter Wells ina mlango wa mbele ulio wa saluni na mlango wa nyuma ulio wa jikoni, na katikati hapakai siri. Huko mbele Graciana, binti mkubwa wa Mzee Benat, alikata nywele za wanawake wa mji, akazitia rangi na kuzikunja, na lolote lililosemwa chini ya mashine ya kukaushia lilifika jikoni kabla maharage hayajaiva. Yeye hakuuita umbea. Kwa maoni yake mji mdogo ni kama familia, na familia isiyopashana habari huishia kununiana bila kujua sababu.

Kwa hiyo jina la Maite lilipotoka kwenye bahati nasibu ya vibali vya swala, mji ulijua kabla Maite mwenyewe hajarudi kutoka kuogelea. Maite alikuwa mtoto wa Michel, mdogo wake Graciana, na mwaka huo ndio aliofikisha umri wa kuwinda. Kibali kilikuwa cha swala mmoja, yule swala wa nyika za huku ambaye pembe zake zimegawanyika panda kama manati, na kilikuwa cha msimu huo tu. Usipokitumia, unarudi mwisho wa foleni, na wapo watu Bitter Wells waliosubiri mpaka mvi zikawatoka.

Tangu siku hiyo jikoni hapakutosha. Jumapili baada ya misa walikuja binamu na mashemeji, akaja jirani aliyefuata harufu ya supu ya kondoo, na mmoja ambaye hakuna aliyemjua vizuri lakini alikuwa na maoni mengi kuhusu risasi. Mmoja alitaka mtoto apewe bunduki ya baba yake. Mwingine akasema ile itamvunja bega, afadhali ile nyepesi ya Graciana iliyokuwa ikilala kabatini tangu usichana wake. Walibishana juu ya viatu, juu ya chai ya kwenye chupa, juu ya kama mtoto ale au asile kabla ya kupiga. Maite alikaa mwisho wa meza akichovya mkate, akiwasikiliza kama bi harusi asiyeulizwa lolote kuhusu harusi yake.

Mwenye kauli alikuwa Mzee Benat. Watoto wake wote, na wajukuu wote waliotangulia, yeye ndiye aliyewapeleka kuwinda mara ya kwanza. Hata Graciana alimpeleka, ingawa siku hiyo ilikuwa mkosi mtupu, maana Graciana aliongea njia nzima na swala pekee waliowaona ni waliokuwa wakitokomea. Maite alikuwa wa mwisho. Baada yake hapakuwa na mtoto mwingine wa kupelekwa, na mzee alikuwa na umri ambao watu hawautaji mbele yake.

Mzee alisukuma sahani kando, akamwaga chumvi mezani na kuchora kwa kidole. Hii barabara ya changarawe. Huu mlima. Hapa, penye pampu ya upepo, birika la jirani yao Kessler la kunyweshea ng'ombe. Septemba, alisema, vidimbwi vyote vya nyikani vimekauka, swala wanakuja pale wenyewe asubuhi kama watu wa misa. Mtoto alale kifudifudi nyuma ya vichaka, upepo umpige usoni, apumue, apige mara moja. Hakuna aliyepinga, kwa sababu ilikuwa kweli. Ardhi ya serikali iko tele na iko wazi kwa kila mtu, lakini haina maji, na wiki ya kwanza ya msimu hujaa watu wa mjini wenye mapikapu yanayong'aa.

Ndipo Michel, mdomo umejaa soseji, akauliza ni nani aliyekwenda kuomba.

Huku, kuwinda kwenye ardhi ya mtu kunaombwa ana kwa ana. Hupigi simu. Unakwenda mapema, majira ya kupiga ndama chapa, unashika kamba kutwa nzima pamoja na wenyeji, unakula vumbi lao, halafu jioni, kofia mkononi, unauliza kana kwamba ndiyo kwanza umekumbuka. Ukikubaliwa mnashikana mikono. Mnyama akianguka, unampelekea mwenye ardhi bega moja la nyama. Mwakani unaanza upya. Sasa majira ya chapa yalikuwa yamepita, na kila mtu pale mezani alikuwa amedhani mwenzake amekwenda.

"Orrin alinipa mkono," mzee akasema.

"Lini, baba?" Graciana akauliza.

"Alinipa."

Orrin Kessler alikuwa amempa mkono wakati Graciana bado anafungwa nywele mikia miwili. Na Orrin Kessler alikuwa amezikwa Februari.

Kisa kilichokuwa nyuma ya hayo kila mtu alikijua, na ndani ya nyumba ile hakikusemwa. Zamani Mzee Benat alifuga kondoo. Ili wasipotee aliweka wavu wa waya wenye matundu madogo, kutoka ardhini hadi kifuani, mpaka mzima kati yake na Kessler. Kessler alikuwa mtu wa ng'ombe, kwake nyuzi chache za seng'enge zilitosha. Walioiona tofauti ni swala. Swala wa huku anaweza kulipita gari, lakini kuruka haruki. Akikuta seng'enge anajipenyeza chini yake kwa tumbo. Akikuta wavu anasimama. Basi ikaja baridi moja ya dhoruba, swala wakateremka kuutafuta mto na mierebi yake, ambao uko upande wa Mzee Benat, wakaukuta wavu. Theluji ilipopungua, Orrin aliwakuta wamelundikana kwenye kona ya mpaka, wengine wamesimama vile vile, wameganda. Alikwenda mpaka mlangoni kwa Benat akamwambia njoo uone. Benat akaenda, akaona, akarudi nyumbani, akala chakula chake cha jioni. Hakusema neno, na wavu haukuondoka.

Tangu hapo wazee wale wawili wakikutana barabarani walinyanyuliana kidole kimoja juu ya usukani kwa salamu, basi. Kondoo waliuzwa. Wavu ukabaki, ukikusanya magugu yanayobiringishwa na upepo. Na siku Orrin alipozikwa, mji mzima ulikuwa makaburini isipokuwa mtu mmoja.

Mjane wake, Bi Lavonne, alikuwa mteja wa Graciana, tena wa siku nyingi. Graciana hakumwambia mtu. Alingoja mama huyo aje kukunjwa nywele, akamfunga shuka shingoni, akamjaza vikunjio kichwa kizima, mahali ambapo mtu hawezi kuondoka kwa hasira bila kuuchekesha mji. Akaanzia mbali: ukame, padri mpya na sauti yake ya puani, binti wa posta aliyeachwa kwenye mataa na kijana wa mgodini. Akakunja kikunjio cha mwisho.

"Bi Lavonne, mtoto wetu amepata kibali."

"Nimesikia. Nimesikia hapa hapa kwako, mara mbili."

"Tunafikiria birika lako."

"Mnafikiria nyinyi, au anafikiria Benat?"

Graciana akakiri kwamba ni Benat. Bi Lavonne alijitazama kwenye kioo, na vile vikunjio, kama anayemtazama mtu mwingine.

"Mtoto aje," akasema. "Aje na baba yake. Aje hata na wewe, ukiweza kufunga hilo domo. Benat hapana. Ule wavu ukiwa umesimama, Benat hakanyagi kwangu. Na usiende kumwambia ni kwa ajili ya mazishi. Mazishi hata mimi nusura nisiende."

Graciana alimkausha na kumchana kwa uangalifu kuliko kawaida. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alipita kutoka mlango wa mbele hadi jikoni bila kusema kitu njiani.

Jioni aliyamwaga mezani. Michel akashusha pumzi. Kwake jambo lilikuwa limekwisha: angebadilishana zamu mgodini, angempeleka binti yake mwenyewe, birika lipo, ruhusa ipo, tatizo liko wapi? Mzee Benat alikunja kisu chake, akasema vizuri, Maite aende na baba yake. Akatoka kwenda kulitazama pikapu ambalo halikuwa na ubovu.

Maite akasema yeye haendi.

Baba yake akamwambia aache ukaidi, wangapi wanakililia kibali kama kile. Maite akasema basi walie. Hakuwa amepandisha sauti. "Wewe mara ya kwanza ulikwenda na nani?" akamuuliza, na Michel akaanza kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yake.

Graciana akamfuata mzee uani. Boneti ilikuwa wazi na mzee alikuwa ameinama ndani yake, mikono mitupu.

"Baba, si uukate tu ule wavu? Kondoo hatuna."

"Wavu uko kwangu. Niliuweka mimi."

"Najua uliuweka wewe."

"Nikiutoa leo watu watasema nini?"

"Watasema umeutoa."

"Watasema nimekubali."

Graciana akamuuliza kwani hakubali. Mzee akaifunga boneti taratibu, akaibonyeza mpaka ikalia, akaingia ndani kwa mlango wa saluni, mlango ambao huwa haupiti.

Agosti ikaenda hivyo. Jumapili watu waliendelea kujaa, waliendelea kula, waliendelea kupanga, lakini mpango ulikuwa kama sherehe isiyo na mwenyewe. Mzee alijibu akiulizwa tu. Mjini wateja walitaka kujua imefikia wapi, na Graciana aliwapa kidogo kidogo, akiwatilia chumvi pale ilipopungua, ingawa utamu wa kusimulia ulikuwa umemtoka. Kila akimtazama baba yake akivua viatu mlangoni aliona mtu anayekaribia kukosa kitu ambacho hakitarudi mwakani.

Asubuhi moja alimchukua Maite kwenda kuchungulia. Waliegesha barabarani, ambako hakuhitajiki ruhusa ya mtu, wakashusha vioo, wakapokezana darubini. Vichaka vya kijivu vilinuka ukali ule wa baada ya umande. Swala walitokea upande wa Kessler, majike na watoto wao na dume mmoja nyuma, wakija moja kwa moja bondeni kulikokuwa na mierebi ya mto. Wakaufikia wavu. Jike la mbele likageuka likaufuata mbio kuelekea mashariki, wote nyuma yake, vumbi likiwafuata. Wakafika konani, wakasimama, wakageuka. Wakaufuata kuelekea magharibi. Wakarudi tena. Mtoto mmoja alisukuma pua kwenye matundu mpaka mama yake alipomwacha, naye akakurupuka kumfuata. Mwishowe wakakata tamaa, wakapanda polepole hadi kwenye pampu ya upepo, wakainamisha vichwa birikani.

Maite alishusha darubini.

"Shangazi, hawalitaki birika. Wanataka mto."

Graciana akasema inaonekana hivyo.

"Babu anajua watakuwa pale kwa sababu ya wavu wake."

Graciana alitia ufunguo, akawasha gari. Njia nzima ya kurudi hakuongea, na Maite, aliyemzoea, alimtazama mara kadhaa kuona kama anaumwa.

Jumapili iliyofuata nyumba ilikuwa imejaa mpaka kwenye ngazi. Karata zilikuwa zinapigwa upande mmoja, na upande wa pili yule bwana wa risasi alikuwa amepata wasikilizaji wapya. Maite alisimama karibu na kiti cha babu yake. Hakungoja watu wanyamaze, walinyamaza wenyewe alipokuwa katikati.

"Babu, tumewaona. Wanakimbia huku na huku, hawapiti, ndiyo wanakwenda birikani. Nikimpiga pale sijawinda. Pale ni wewe umenifungia mnyama."

Mwenye karata akaziweka kifudifudi. Mzee hakukasirika, au kama alikasirika haikuonekana. Alimuuliza kama ameona kwa macho yake au amehadithiwa na shangazi. Maite akasema kwa macho yake. Akamuuliza walikimbilia kona ipi. Akamwambia. Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za ndugu anayemfahamu.

"Wavu ukitoka," akasema, "birikani hawatakuwepo. Watasambaa mtoni, mlimani, kwenye ardhi ya serikali, watakapotaka. Utatembea siku nzima uone mikia tu. Msimu utakwisha na karatasi yako mfukoni. Mpango wote huu tuliopanga, kwisha. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Wewe utakuwepo?"

"Yule mama akiniruhusu."

"Basi," Maite akasema, akarudi kwenye mkate wake.

Jumatatu mzee alifunga tela kwenye pikapu kabla ya chai. Hakumwita mtu. Lakini nyumba ile haijawahi kufanya jambo peke yake, na kufika saa ya mapumziko ya mgodini kulikuwa na watu kwenye mstari wa mpaka wote, wengine wakiwa wamekuja kusaidia na wengine kuona kama ni kweli. Wavu uliozeeka hautoki kwa hiari. Pini zimezama kwenye mti wa nguzo, kila moja ichimbuliwe kwa plaizi, na magugu yamejisuka kwenye matundu mpaka ukivuta unavuta ardhi. Waliukata vipande, wakavibiringisha, wakavipakia kwenye tela. Nyuma yao Michel na binamu zake walitandaza nyuzi mpya, na ule wa chini kabisa walitumia waya laini usio na miiba, shubiri mbili juu ya udongo. Maite ndiye aliyekuwa akipima, kwa mkono wake, na pale Michel alipoulegeza alimfanya aukaze upya.

Siku iliyofuata walifika kwenye kona. Mzee aliwaambia wapumzike. Akaenda peke yake na plaizi, na hakuna aliyemfuata. Alikuwa bado hapo pikapu la Bi Lavonne lilipoteremka upande wa pili likasimama.

Graciana alikuwa mbali, mikononi ana bunda la waya lenye kutu, na upepo ulikuwa unavuma kutoka kwake kwenda kwao. Aliona kila kitu na hakusikia hata neno. Aliona baba yake akivua kofia. Aliona Bi Lavonne akisema jambo refu, mikono imefungwa kifuani, kisha baba yake akisema jambo fupi. Kisha na yeye jambo refu. Bi Lavonne akaonyesha chini, mahali penyewe, pale konani, na mzee akatazama alipoonyeshwa, akakaa akipatazama. Mwishowe mama akavaa glovu zake, akachukua koleo kwenye pikapu lake, na wakaimaliza ile kona pamoja, yeye upande wake na Benat wake. Walipomaliza wakashikana mikono juu ya waya mpya.

Kwa wiki nzima saluni haikutulia. Wanawake ambao nywele zao hazikuhitaji kukatwa walikuja kukatwa. Wote walitaka lile lile, walisemezana nini, na Graciana, ambaye hajawahi kumnyima mteja, hakuwa na la kuwapa. Mmoja alimwambia anaringa. Graciana alikuwa amemuuliza baba yake, tena zaidi ya mara moja, na jibu lilikuwa kwamba wameruhusiwa mwaka huu, na wafunge geti.

Siku ya kwanza ya msimu Graciana ndiye aliyeendesha. Michel alikuwa zamu. Graciana aliwashusha mzee na mtoto getini kwa Kessler kulipokuwa kunapambazuka, wote wawili wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa, cha mzee kimempwaya. Yeye akabaki na kahawa yake, blanketi na darubini. Birikani kulikuwa na ng'ombe watatu wa Kessler na kunguru. Swala hata mmoja.

Jua lilipanda. Kupitia darubini aliwafuata: nukta mbili za chungwa zikipanda mwinuko, zikishuka, zikisimama mzee avute pumzi. Hawakuonekana kuongea. Mara moja swala walitokea mbali kabisa upande wa mlima, wakawatazama, wakaondoka na makalio yao meupe, na zile nukta mbili zikakaa chini kwa muda. Graciana alidhani watarudi. Hawakurudi.

Kulipokuwa kumeshapata joto, ile nukta ndogo ikalala ghafla. Ile kubwa nayo ikalala, kwa awamu, kama kiti kinachokunjwa. Graciana alihangaika na darubini mpaka akawaona swala, wachache, wanalisha mbali na mahali alipowatarajia. Mzee alinyoosha mkono kushoto, penye mwinuko, njia ambayo angeipita yeye. Maite akatikisa kichwa. Alichota vumbi, akaliachia, akalitazama linakokwenda, akaonyesha kulia, kwenye korongo kavu. Mzee akaonyesha tena kushoto. Maite akaonyesha tena kulia. Walibishana hivyo kwa mikono, tumbo chini, na swala wakaendelea kula.

Kisha mzee akajisogeza kando kumpisha. Maite akatambaa mbele, bunduki mikononi, naye babu yake akamfuata nyuma, uso wake karibu na soli za viatu vya mtoto. Wakazama korongoni.

Graciana alishusha darubini. Upepo ulikuwa ukitikisa mlango wa gari. Alikuwa anajimiminia kahawa mlio mmoja ulipopasuka na kusambaa nyikani mpaka mlimani, ukarudi umefifia. Hakujua kama Maite amepata. Alifunga chupa, akachukua kisu na mifuko ya kubebea nyama, hivyo hivyo bila kujua, akaanza kutembea.